Nani kamfuata mwenzake, nyumba au barabara?

Madalali wa viwanja hapa Dar es Salaam wana maneno mawili ambayo wakishayatamka tu, bei ya ardhi hupanda palepale: "kinagusa lami." Nimefanya kazi ya upimaji kwa zaidi ya miaka ishirini, na hadi leo nikiyasikia maneno hayo kwa mteja aliyekwisha kutoa arubuni, nakosa raha. Kiwanja cha mtu binafsi kinachogusa lami ya barabara kuu hakipo kisheria. Kama kinagusa kweli, muuzaji anauza kisicho chake.

Hesabu yake haihitaji kifaa cha setilaiti. Chukua barabara kuu ya kawaida, gari moja linakwenda na jingine linarudi. Lami pamoja na mabega yake ni karibu mita 10, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingo ni kama mita 5. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 inaitengea barabara hiyo mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Sasa weka hapo kiwanja cha mita 20 kwa 20 "kinachogusa lami". Kinaanzia mita ya 5 na kuishia mita ya 25. Kiwanja chote, na pembe zake nne, kimo ndani ya hifadhi ya barabara, na nyuma yake zimebaki mita 5 nyingine ambazo nazo ni za barabara. Mnunuzi amelipa bei ya juu kuliko wote mtaani, na hakuna hata sentimita moja anayoweza kuimiliki.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ugomvi mwingi wa mipaka ya barabara unatokana na mahali mtu anaposimama. Mwenye nyumba husimama kwenye ukuta wake akaitazama barabara. Sheria husimama katikati ya barabara ikautazama ukuta. Yeye anaona uwazi, nyasi, mtaro, labda kibanda cha chipsi, na anauita uwazi huo "mbele kwangu". Sheria inaona ardhi ya hifadhi ambayo haijatumika bado.

Uwazi huo una kazi zake. Humo ndimo linamolazwa bomba la maji, zinamosimikwa nguzo za umeme, unamopita mkongo wa mawasiliano, na humo maji ya mvua hutafuta njia. Kila masika tunaona nyumba zilizojaa maji kwa sababu jirani mmoja wa chini aliufukia mtaro ili gari lake liingie bila shida. Mwenye kiwanja ana haki ya kuwa na njia ya kuingia kwake kutoka barabarani, lakini njia hiyo huombewa kibali kwa wenye barabara na hujengewa kalavati. Haijengwi kwa kumwaga kifusi usiku.

Wanasheria waliosoma vitabu vya Uingereza huja na kanuni nyingine, na ni vema kuitaja ili iwekwe pembeni. Huko, hati inaponyamaza, mahakama hudhani kwamba mwenye ardhi inayopakana na barabara anamiliki udongo wake mpaka katikati ya barabara hiyo. Umma una haki ya kupita, na mamlaka ya barabara inashika tabaka la juu tu linalohitajika kwa kupitia. Kanuni hiyo ina historia ndefu katika nchi ambako mashamba yalitangulia barabara kwa karne nyingi. Kwetu haina pa kukaa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Raia anapewa haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99, au kwa mila. Hifadhi za barabara zimewekwa katika fungu la ardhi ya hifadhi, pamoja na misitu na mbuga za wanyama. Anayejenga mita 10 kutoka katikati ya barabara kuu yuko katika hali ileile ya anayejenga ndani ya msitu wa hifadhi, ingawa yuko mjini na jirani yake ni kituo cha mafuta.

Kabla ya 2007 tulitumia sheria ya kikoloni ya mwaka 1932, Sura ya 167. Chini yake barabara kuu nyingi zilihesabiwa mita 22.5 kila upande, jumla mita 45. Sheria mpya ilipanua hifadhi hadi mita 60. Tofauti ni mita saba na nusu kila upande. Nawaomba wasomaji waishike namba hiyo, maana huko mbele ndiko nitakakokaa muda mrefu.

Watanzania wamejitungia maneno yao ya kueleza haki katika jambo hili, na maneno hayo yana akili kuliko vifungu vingi nilivyosoma. Huulizwa: wewe uliifuata barabara, au barabara imekufuata? Aliyeikuta barabara akajenga ndani ya hifadhi yake, ameifuata. Atabomoa kwa gharama yake na hatalipwa. Aliyekuwapo kabla, barabara ikaja au ikatanuka ikamkuta, amefuatwa. Huyo hulipwa fidia kabla ya kuondoka. Wakala wa Barabara, TANROADS, aliyaweka maneno hayo katika rangi: alama ya X nyekundu kwa mfuataji, X ya kijani kwa aliyefuatwa. Mtoto wa darasa la tatu anayeishi kando ya barabara kuu anajua tofauti ya rangi hizo mbili.

Swali ni la haki kabisa. Taabu ni kwamba jibu lake limo katika vitu vitatu ambavyo mwananchi wa kawaida hana hata kimoja mkononi: tarehe ya kutangazwa kwa barabara, upana uliotangazwa siku hiyo, na mahali ilipokuwa katikati ya barabara siku hiyo. Anayepaka rangi anavyo vyote, au anasema anavyo. Anayepakwa ana kumbukumbu za baba yake.

Barabara ya Morogoro ndiyo iliyotufundisha jambo hili kwa uchungu. Kipande cha kutoka Kimara kwenda Kiluvya na Kibaha hakikuwa na mita 22.5 wala 30. Kilitengewa mita 121.5 kila upande, kwa tangazo la Serikali lililotolewa miongo kadhaa kabla ya wakazi wengi wa leo kufika. Ukitembea hatua za kawaida kutoka katikati ya barabara unahitaji hatua mia na hamsini na zaidi kuutoka ukanda huo. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa hapo, na nyumba za ibada na maduka yakaenda nazo. Baada yake barabara ilijengwa kwa njia nane, kilomita 19.2 hadi Kibaha, na leo asubuhi mtu wa Mbezi anafika mjini akiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Naikubali faida hiyo. Pia naikubali hoja ya kisheria kwamba tangazo lilitangulia nyumba.

Lakini nilipita Kimara miezi ile, kazi ikinipeleka. Watu waliokuwa wamekaa juu ya vifusi walikuwa na risiti za kodi ya majengo. Walikuwa na mita za umeme na akaunti za maji, na wengine walikuwa na karatasi za mauziano zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa miaka mingi mkono mmoja wa Serikali ulikataza kwa karatasi iliyolala ofisini, na mikono mingine mitatu ikaruhusu kwa vitendo, kila mwezi, kwa risiti. Ukanda wa mita 121.5 ukiachwa bila alama unageuka mtaa. Hakuna mwananchi anayeweza kukisia umbali huo kwa macho, na hakuna fundi wa umeme aliyetumwa kuupima kabla ya kusimika nguzo.

Kwamba tatizo halikuwa la maskini wasiojua sheria peke yao, Ubungo ilithibitisha. Mwaka huohuo wa 2017, Rais John Magufuli, aliyekuwa amezisimamia hifadhi hizi kwa mkono mkali tangu alipokuwa Waziri wa Ujenzi, aliagiza sehemu ya jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, ibomolewe ili kupisha barabara ya juu. Na lilikuwa jengo la shirika la umma, lenye wahandisi na wanasheria wake. Kama hao mpaka uliwapita, nani alitegemea muuza mkaa wa Kimara Temboni aujue?

Sasa twende vijijini, ambako swali la nani kamfuata nani linageuka kabisa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 Serikali iliwahamisha mamilioni ya watu kwenye vijiji vya Ujamaa. Vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara kwa makusudi, ili lori la pembejeo lifike, shule na zahanati ziwe karibu, na mabomba yasiende mbali. Watu waliambiwa: jengeni hapa, kwa mistari, kuelekea barabara. Wazee wanakumbuka viongozi wakipima viwanja kwa hatua na kamba. Nyumba ya mzee aliyewekwa pale mwaka 1974 na mkuu wake wa wilaya, kwa amri, huwezi kusema imeifuata barabara. Aliyeifuata barabara ni Serikali iliyompeleka. Nimekutana na X nyekundu kwenye vijiji vya namna hiyo, na kila mara nimeandika katika taarifa yangu kwamba rangi imekosewa.

Mzee huyo kwa kawaida hana hati, na baadhi ya maofisa hutumia ukosefu huo kumnyamazisha. Wanakosea. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, ibara ya 24, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Uamuzi huo ndio uti wa mgongo wa mkulima asiye na karatasi. Ushahidi wake anao: mwembe uliopandwa na marehemu, makaburi nyuma ya nyumba, daftari la kijiji, tarehe ya kufunguliwa kwa shule iliyo mstari mmoja na nyumba yake. Mpima mwenye uangalifu huandika vitu hivyo kabla hajafungua tepu.

Nimefika kwenye mita saba na nusu.

Sheria ya 2007 ilipoisukuma hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30, iliwakuta watu humo. Hawakuwa wavamizi. Jana yake walikuwa nje ya hifadhi, na asubuhi wakaamka wamo ndani. Kwa kila kilomita moja ya barabara, mita saba na nusu pande zote mbili ni mita za mraba 15,000, yaani hekta moja na nusu. Zidisha kwa kilomita zote za barabara kuu zinazopita kwenye vijiji na miji yetu, utaona ukubwa wa ardhi ninayoizungumzia. Hao ndio watu wa X ya kijani. Wamefuatwa, na Serikali inakiri kwamba wamefuatwa. Jibu wanalopewa kila wanapouliza, bungeni na mikutanoni, ni kwamba watalipwa pale ardhi yao itakapohitajika kwa ujenzi.

Jibu hilo linasikika la haki mpaka uishi ndani yake. Nyumba yenye X ya kijani haiongezwi chumba. Benki haiipokei kama dhamana. Mpangaji mwenye duka huiona alama, akaomba kodi ipunguzwe au akahama. Warithi hawagawani, kwa sababu hakuna anayetaka fungu la mbele. Mwenye nyumba haruhusiwi kuendeleza wala halipwi aondoke, na hali hiyo inaweza kudumu mwaka mmoja au miaka kumi na tano. Ardhi imechukuliwa thamani yake, na udongo wenyewe umeachwa pale.

Hapa ndipo penye kasoro ambayo wananchi wengi, na hata baadhi ya madiwani, hawaijui. Sheria zetu za fidia zina muda ulio wazi na unaomlinda mtu. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinataka mwenye mali alipwe thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida aliyoikosa kama ana biashara. Malipo yakipita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Uthamini ukikaa miaka miwili bila kulipwa hupoteza nguvu na lazima urudiwe kwa bei mpya. Muda huo wote, hata hivyo, huanza kuhesabiwa mthamini anapofanya kazi yake. Rangi iliyopakwa ukutani haianzishi muda wowote. Hivyo ofisi inaweza kupaka X ya kijani leo, isilete mthamini kwa miaka kumi, na kwa miaka yote hiyo isidaiwe riba hata shilingi moja. Hasara inamwangukia mwenye nyumba peke yake tangu siku rangi ilipokauka.

Mimi nasema hivi, na nimelisema kwenye vikao vya wataalamu: X ya kijani ipewe muda wa mwisho. Ikipakwa, mthamini afike ndani ya kipindi kilichotajwa na sheria, au alama ifutwe na mwenye nyumba apewe barua ya kuendelea na maisha yake mpaka mradi utakapokuwa na fedha. Wenye barabara hujibu kwamba wakiiachia mita saba na nusu leo watailipa kwa bei kubwa zaidi kesho. Ni kweli, itagharimu. Lakini gharama hiyo ipo tayari hata leo, na anayeibeba ni mama mwenye genge la nyanya na vyumba viwili vya kupangisha. Barabara ni ya wote, kwa hiyo na mzigo wake ubebwe na wote.

Kuna jambo jingine ambalo ni la taaluma yangu, na sijaliona likijadiliwa hadharani kadiri linavyostahili. Sheria inasema mita 30 kutoka katikati ya barabara. Katikati ipi? Watu hudhani ni ule mstari mweupe uliochorwa kwenye lami. Mstari huo huhama. Barabara ya changarawe ikipandishwa kuwa ya lami, mhandisi hunyoosha kona kali. Daraja la zamani likiachwa, jipya hujengwa mita kadhaa pembeni. Barabara ya njia mbili ikifanywa ya njia nne kwa kuongeza upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili kuna reli au bomba kubwa, katikati mpya inakuwa mita nyingi kutoka ile ya zamani. Mtu ambaye nyumba yake ilikuwa mita 33 kutoka katikati anajikuta yuko mita 26, bila kusogea hata tofali. Ukimpima kutoka mstari wa leo, ni mvamizi. Ukimpima kutoka mstari wa siku alipojenga, yuko huru, na barabara ndiyo iliyomfuata. Kwa hiyo taarifa yoyote inayosema "nyumba ipo mita kadhaa kutoka katikati" bila kutaja ni katikati ya mwaka gani, na kwa ramani ipi, haijajibu swali.

Mijini kuna kinga bora kidogo, mahali palipopimwa. Ramani ya mipango miji huonyesha upana wa kila barabara, ramani ya upimaji huidhinishwa na kusajiliwa kwa namba, na pembe za kila kiwanja huwekewa bikoni zenye namba zake. Hapo mpaka wako na barabara ni mstari kati ya bikoni mbili, na kuing'oa bikoni ni kosa la jinai. Ajabu ni kwamba hifadhi ya barabara kuu, ambayo ina thamani kubwa kuliko viwanja vyote vinavyoizunguka, mara nyingi haina bikoni hata moja. Tunampima raia kwa nguzo za zege na kumpa namba, kisha ardhi ya umma tunaiacha ikae kichwani mwa ofisa.

Je, hati ikishatoka inamaliza ubishi? Wengi wanaamini hivyo. Majirani zetu wa Kenya wamelipata jawabu zito. Mwaka 2023 Mahakama yao ya Juu iliamua shauri la kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja chenyewe kipo Nyali, ufukweni. Kilikuwa eneo la wazi la umma, lenye njia ya kwenda pwani, kabla ya kugawiwa mwaka 1989 kwa Rais Daniel arap Moi. Baadaye kiliuzwa, na kampuni hiyo ikakinunua ikiwa na hati mkononi. Mwaka 2017 kaunti iliubomoa ukuta ili kuifungua njia ya ufukweni. Mahakama ikasema hati iliyozaliwa na ugawaji batili haiwi halali kwa kupita mikono mingi, na mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya usafi wa nia yake kama mzizi wa hati umeoza. Anayenunua alitakiwa kuufuatilia mzizi huo mpaka mwanzo.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini naupenda kwa sababu unaliangalia jambo kwa upande wa wapita njia, wavuvi na watoto wanaokwenda kuogelea, ambao hawakuwa na hati wala wakili. Na bado unaniacha na huzuni kwa mnunuzi wa kawaida. Kampuni inaweza kulipia upekuzi wa miaka thelathini. Mwalimu wa sekondari anayenunua kiwanja cha milioni nane kwa mkopo wa mshahara anategemea neno la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti, hata awe mwaminifu namna gani, hana ramani ya hifadhi ya barabara. Muhuri wake unathibitisha kwamba fulani amemuuzia fulani. Hauwezi kuisogeza hifadhi.

Kwa mwalimu huyo nina mashauri machache ambayo gharama yake ni nauli na siku mbili za kazi. Usimlipe mtu kabla hujafanya upekuzi ofisi ya ardhi. Ukishajua kiwanja kipo kando ya barabara ipi, uliza inasimamiwa na nani. Za kuu na za mkoa ziko kwa TANROADS, na nyingi za wilaya, mijini na vijijini, tangu 2017 ziko kwa TARURA. Andika barua kwa meneja wa mkoa au wa wilaya, uliza upana wa hifadhi mahali hapo, na usikubali jibu la mdomo. Barua yenye kumbukumbu namba ndiyo itakayosimama mahakamani. Kisha nenda na mpima aliyesajiliwa. Na usijenge juu ya ile habari ya miaka 12 inayosimuliwa vijiweni, kwamba ukikaa kipindi hicho bila kuguswa ardhi ni yako. Muda huo ni wa mashauri ya kudai ardhi kati ya mtu na mtu, na hifadhi ya barabara si mtu.

Mitaa ambayo haikupimwa ina hadithi yake, nami nitaipitia kwa kifupi. Kule Manzese au Buguruni barabara haikuliwa siku moja. Huyu aliongeza ngazi, yule akaweka baraza, wa tatu akasogeza ukuta ili uwe sawa na baraza la mwenzake, na gari la zimamoto likakosa njia. Miradi ya urasimishaji inawaketisha majirani wakakubaliane upana wa njia na kila mmoja aachie kipande bila fidia. Nimeshiriki mikutano hiyo. Kuna ukali na matusi, na mara nyingi mjumbe mmoja mwanamke ndiye huwauliza wanaume watamtoaje maiti wao kwa jeneza penye njia hiyo. Baada ya swali hilo kamba hunyooshwa.

Nimalizie na kazi niliyoifanya katika mkoa mmoja wa kati, kando ya barabara kuu. Mzee mmoja, nyumba yake ya matofali ya kuchoma, alikuwa na X nyekundu. Ofisi iliyopaka ilimhesabu mita 21 kutoka katikati. Nilipima mwenyewe na kweli nilipata 21 na kitu. Tepu haikudanganya. Nikamuuliza, shikamoo, mzee, barabara hii imekuwa hapa siku zote? Akanijibu marahaba, kisha akanyanyuka bila neno, akanipeleka ng'ambo ya lami, tukashuka kwenye majani, akaanza kuyapiga kwa fimbo mpaka fimbo ikagonga saruji. Lilikuwa kalavati la zamani, limejaa udongo, mdomo wake bado ukielekea bondeni. "Hapa ndipo basi lilipokuwa likipita," akasema. "Nyie mlipoleta lami ndipo mlipokata kona."

Nikasimika mguu wa kifaa juu ya lile kalavati na kupima upya hadi kwenye ukuta wake. Mita 34. Niliandika taarifa, nikaambatisha picha, kumbukumbu za kijiji na ramani ya zamani iliyoonyesha kona ile. Ofisi ilijibu baada ya miezi saba na kukubali kwamba mzee hakuifuata barabara. Barua ninayo, na nakala anayo yeye, ameitia kwenye nailoni na kuichomeka chini ya paa. Nilipita tena mwaka uliofuata. Hakuna aliyekuwa amekuja kuifuta X, na mzee alisema haifuti yeye, atakuja kuifuta aliyeipaka.